Kitambaa Chekundu cha Dada Yetu

Ndugu, jamaa na marafiki, nawasomea safari ya maisha ya dada yetu kwa niaba ya familia, na ninasoma bila kipaza sauti, maana kelele hakuzipenda akiwa hai na sidhani kama amebadili msimamo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi mwashi, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akiongoza kwa hesabu na kwa kuadhibiwa, kwani mwalimu alipouliza nani anayechelewesha darasa, alimtaja mwalimu.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza, kwa sababu kila asubuhi ukumbi mzima ulimuuliza habari za nyumbani, naye alijibu zote, bomba linavyovuja na baba anavyokoroma, hadi kichwa kikamuuma, akaacha kusalimiana kabisa, wenzake wakasema anaringa, na meneja akaazimia kumfukuza.

Msimamizi wake, mama huyu mkali aliyeketi hapa mbele, aligoma, akamuuliza anahitaji nini ili afanye kazi vizuri, swali ambalo hata sisi ndugu zake hatukuwahi kumuuliza, naye akaomba kiti cha pembeni na kitambaa chekundu, kikifungwa kwenye cherehani asisemeshwe, kikifunguliwa asalimiwe. Wenzake walicheka hadi machozi, lakini baada ya muda nusu ya ukumbi ilikuwa na vitambaa, na meneja naye akafunga chake mlangoni.

Mwaka 1986 aliolewa na shemeji yetu, fundi bomba wa kiwanda, ambaye alimuuliza habari za nyumbani, akaelezwa habari ya bomba, akaja kulitengeneza, wakajaliwa watoto wawili.

Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akalazwa, wauguzi wakamruhusu kufunga kitambaa kitandani. Mchana wa tarehe 9 Juni alikifungua mwenyewe, wenzake wa kiwandani wakaingia mmoja mmoja kumjulia hali, naye akawajibu wote, hadi habari za choo, bila kuficha kitu, na jioni akafariki.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, na msimamizi kwa lile swali lake.

Dada, ungetuuliza leo habari za nyumbani, tungekujibu kama wewe, si nzuri hata kidogo. Kitambaa tumekifunga kwenye jeneza, hakuna atakayekusemesha, pumzika.