Baba Aliyegeuza Kiti

Ndugu waombolezaji, wazee wa kanisa, majirani na jamaa wote, haya mtakayoyasikia yameandikwa na dada wa marehemu, aliyemtangulia kuzaliwa na akadhani atamtangulia pia kuondoka, na familia imekubali yasomwe kama yalivyo, maana marehemu mwenyewe aliagiza asipakwe rangi, akisema rangi juu ya kutu humdanganya mnunuzi tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa watoto wanne, katika nyumba ambayo chai haikunywewa kabla ya sala, akasoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1959 hadi 1965, hesabu alizijua, kuimba hakujua ingawa hakuna aliyethubutu kumwambia, na mwaka 1968 akaingia karakana ya mjomba wake kujifunza kuchomelea, akatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma hadi kifua kilipomkataza, na wengi wenu mliokaa hapa mnalala nyuma ya mageti yake.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na mpishi wa shule ya wasichana, ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza 1977, wa kati 1980 na wa mwisho 1985, na alipochaguliwa mzee wa kanisa ndipo alipopata lile jina la Mzee Amina, kwa kuwa Amina yake ilifika kabla mchungaji hajamaliza.

Nyumbani kwake kila jioni baada ya chakula watoto walipiga magoti sebuleni, wakasali mmoja mmoja kwa sauti, naye baba ameketi mbele yao kwenye kiti chenye mikono, macho ameyafumba, masikio ameyaacha wazi, na kila alichokisikia alikishughulikia baada ya Amina. Kitinda mimba wake aligundua mapema kwamba akimwomba Mungu amsamehe kaka aliyevunja kioo akamsingizia paka, hajachongea, amesali, na kaka anachapwa palepale, na kaka huyo, ambaye ni kifungua mimba, naye akajifunza kusali kwa maneno marefu yasiyosema kitu, na leo, kama mnavyomwona, ni mchungaji.

Binti wa kati hakuwa na ujanja huo, yeye lililo moyoni ndilo lililotoka mdomoni, na jioni moja mwaka 1993, akiwa na miaka kumi na mitatu, alisali akisema, "Mungu, nikisema na wewe sisikii kitu, kama upo nisaidie," na baba yake, badala ya kumwachia Mungu ajibu, Jumapili akamsimamisha mbele ya wazee wa kanisa aombewe, mtoto wa watu, wala hakufanya kwa ukatili, alifanya kwa woga, aliona mwanawe anatumbukia kisimani akatupa kamba iliyokuwa karibu. Waliporudi nyumbani binti alimwambia, "Nilikuwa nasema na Mungu, baba, sikuwa nasema na wewe," na tangu hapo alipiga magoti kinywa kimefungwa, akachapwa, akabembelezwa, akafungiwa mfungo, wapi, hadi mwaka 1999 alipohama kwenda kufanya kazi kwenye tanuri la mikate, na kila alipokuja kusalimia, sala ikianza alitoka akakaa kwenye ngazi mpaka wamalize.

Hilo lilimla marehemu kuliko moshi wa karakana. Wenzake walimpa pole kwa binti aliyepotea, na siku moja, akikata nondo, alimwambia dada yake, "Geti likikaa upande, dada, nalikata nalirudia. Mtoto je?" na dada yake, ambaye hakujaliwa mkono wa kubembeleza, alimjibu kwamba geti halina masikio, mtoto anayo, aache kulalamikia vyuma aende akaseme naye.

Alikwenda Februari 2006, akamkuta binti amejaa unga mpaka kwenye nyusi, akasimama kaunta kama mtu anayenunua, na ilipofika zamu yake akasema, "Nilidhani nachunga kondoo, mwanangu, kumbe nilikuwa nasikiliza mlangoni." Binti hakulia, ukoo huu machozi yake ni ya kuchimba, alimwambia tu, "Shika hiyo trei, baba, angalia ina moto," na mzee wa kanisa akabeba trei za mikate mpaka duka lilipofungwa.

Kesho yake alikigeuza kile kiti kikatazama ukuta, akaagiza kila mtu asali kimya, asiyetaka akae tu, na mwanawe mchungaji alipolalamika kwamba nyumba imepoa, aliambiwa anayetaka kusikika asubiri mimbari. Binti akaacha kutoka, akaketi na wenzake, na kama alisali au alihesabu vigae marehemu hakujua, na kutojua kulimuuma, hata siku moja akamwambia dada yake kwamba midomo ya binti ilicheza, akaulizwa mtu anayetazama ukuta aliiona wapi midomo, akacheka kwa aibu.

Mwaka 2021 kifua kilianza kubana, akatibiwa, akapata nafuu, kikarudi, na binti wa kati akahamia nyumbani kumuuguza, na asubuhi ya Jumatano tarehe 5 Juni 2024, wodini, mwanawe mchungaji alipomaliza kumwombea, marehemu aliomba wote tutoke, abaki wa kati. Tulisimama kwenye korido, kila mmoja akijifanya hasikilizi. Binti alipofungua mlango baba yake alikuwa ameshatutoka, na kaka yake akamuuliza kama alimwombea.

"Baba hakuuliza," alisema, akaenda kumwita nesi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotoa viti na sufuria bila kusubiri kuombwa, mafundi wa karakana waliozima mashine zao leo, na waokaji waliolisha msiba huu mikate, na wale wanaojipanga kwenda kumuuliza binti swali la kaka yake, tunawaomba wanywe chai yao wamalize, waage.

Lala kwa amani, Mzee Amina, kazi ya kusikiliza imerudi kwa mwenyewe.