Kinundu cha Fundi Soli

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa meza ya fundi viatu, na wanaolikalia ni walewale kila asubuhi: Redio, dereva mstaafu asiyezimika, Kinyozi, anayeacha kiti chake kitupu ng'ambo ya njia ili awahi habari, na muuza kahawa, ambaye angekuwa ameshauzunguka mtaa mzima kama asingependa ubishi. Fundi wanamwita Soli. Asubuhi hiyo Soli alikuwa na ombi alilotaka kuwapa tangu jana. Kesho atapasuliwa tumbo, na daktari amemwambia aje na mtu wa kukaa naye. Mkewe alishafariki, na wanawe wako mbali. Bahati mbaya alianzia kwenye ugonjwa badala ya ombi, na benchi likamdaka hapohapo.

— Wameona kinundu kwenye utumbo, alisema huku akivuta uzi. Nyama ngumu, ya nyuzinyuzi. Si saratani. Ni kitu adimu, daktari anasema anaweza kustaafu asione kingine. Ila kinaanza kubana njia ya chakula, bora kitoke.

— Nyuzinyuzi! Redio akaweka kikombe chini. Huyu si anashinda na uzi mdomoni?

— Uzi gani, bwana? Misumari! alisema Kinyozi. Anaibana kwenye midomo kama meno ya akiba. Siku moja kapiga chafya, mmoja umekwenda zake. Nyama ikauzingira, ndiyo hiyo.

— Picha haikuonyesha msumari, alisema Soli.

— Umeyeyuka.

— Msumari uyeyuke?

— Tumboni mna asidi, kaka, alidakia Redio. Na betri ya gari ina nini? Nimeendesha malori mimi, usinifundishe.

Soli alicheka nao, lakini neno msumari lilimchoma. Daktari alimwambia wazi kwamba chanzo hakijulikani. Hata hivyo, tangu siku ya picha hakutia tena misumari mdomoni; alikuwa akiiweka kwenye kifuniko cha kopo la rangi ya viatu na kuiokota mmoja mmoja, kazi ikienda kwa kujikokota.

— Mnapoteza muda, alisema muuza kahawa akimimina. Ni gundi. Anaivuta puani siku nzima, nayo gundi ikiingia inatafuta cha kugandisha. Kesho wakimfungua watakuta soli nzima, imeshakatwa kwa saizi.

Benchi likatikisika kwa kicheko.

— Sikilizeni, alisema Redio akipunguza sauti. Kitu kigumu, kimekaa kimya, hakina ubaya na mtu. Hicho si kinundu. Hicho ni pacha wake.

— Enhe!

— Hakuzaliwa, kajibanza humo. Ni ndugu yake wa damu.

— Basi ndiye mkubwa, alisema Kinyozi. Maana ndiye mgumu.

— Mkubwa vipi, na yeye ndiye aliyebaki nyuma? aliuliza muuza kahawa.

— Ningekuwa na ndugu, alianza Soli, kesho…

Hakuna aliyemsikia. Walikuwa wameshagawanyika, wawili wakimtetea pacha wa ndani kuwa ndiye mkubwa, mmoja akimtetea wa nje.

Mama mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza akingoja viatu vya shule vya mwanawe. Hakuwahi kukaa kwenye benchi lile, wala hakujua kwamba pale watu hawaulizani maswali ya kawaida.

— Samahani, alisema. Huyu fundi kesho anakwenda na nani?

Kinyozi alikitazama kiti chake ng'ambo ya njia. Muuza kahawa alitikisa birika, ingawa kila mmoja alijua kahawa imekwisha. Soli aliinamia kiatu, akapiga msumari uliokwisha kuzama, macho yakimwasha. Aliona aibu kama aliyekamatwa akilia.

— Nitajipeleka, alisema. Si mbali.

Mama alichukua viatu vya mwanawe, akashukuru, akaenda. Redio aligeuza kikombe kitupu huku na huku, akajikohoza mara mbili.

— Unatakiwa saa ngapi pale?

— Kumi na mbili asubuhi.

— Mimi naogopa hospitali, Soli. Harufu yake tu inanikimbiza, sikufichi. Nitakugongea saa kumi na moja. Nikichelewa, njoo unigongee wewe.