Mwaka wa Mwisho Ubaki Kara-Jylga

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Afya. Mwalimu wetu, Daktari Toktosun. Wazee, kina mama na ndugu zetu wote wa bonde hili:

Karibu

Mheshimiwa, umefika wakati mzuri. Theluji imeondoka, majani yanachipua, na asubuhi ukungu hushuka hadi mlangoni pa zahanati, mgonjwa akiingia unadhani ametoka mawinguni. Sisi madaktari wanafunzi wa tiba ya familia, mwaka wa mwisho, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Risala tumeiandika sote, lakini msomaji ni mwenzetu Nurzat, kwa sababu nusu yake inamhusu. Alikataa. Tukapiga kura, akashindwa.

Tulikotoka

Miaka ya mwanzo tulikuwa hospitali ya mjini, tukifuata daktari mkubwa wodi kwa wodi. Mwaka wa mwisho ndio tukaletwa huku, na hakuna aliyetuambia utakuwaje. Mlango unafungwa, mgonjwa anaketi, na ukigeuka nyuma hakuna mkubwa wa kumtazama. Tukilala tunaota. Karibu wote tunaota ndoto moja: chumba cheupe, mgonjwa kimya, nasi tunangoja aseme. Wakati wa chai tunasimuliana na kuchekana, kisha tunakwenda kazini na ndoto bado iko machoni.

Tuliyojifunza

Mtihani wetu wa mwisho unatoa dakika kumi kwa kila mgonjwa. Nurzat alipofika vuli iliyopita alijizoeza kwa saa ya mkononi hata majumbani. Ndivyo alivyofika kwa Bibi Sayrakan, mjane wa mchunga farasi, akakuta shinikizo la damu liko juu. Akampa dawa, akaeleza vizuri, akainuka. Mkaza mwana wa Bibi akaja mbio na mkate.

"Onja tu, daktari."

"Sina nafasi, dada. Siku nyingine," akajibu Nurzat akivaa viatu.

Mheshimiwa, wewe ni wa huku huku, unajua. Kwetu hata mwenye haraka ya kufa mtu humega chembe ya mkate ndipo atoke. Nyumba nzima ikaelewa: daktari ameona mauti, hataki kula penye msiba. Bibi akaweka dawa kando, maana za nini tena? Akaanza kugawa mablanketi yake ya kushona, hili la binti, lile la jirani. Ndugu wakaanza kuwasili kutoka mbali wakiwa na nyuso za huzuni.

Mwalimu Toktosun alipopita akamkuta kalala, kichwa kinampasuka, shinikizo limepanda zaidi. Akarudi zahanati kwa Nurzat.

"Mkate ulionja?"

"Nilikuwa na wagonjwa wengine, Mwalimu."

"Wagonjwa sikuwauliza. Nimeuliza mkate."

Nurzat alilia njiani kurudi kwa Bibi. Aliogopa kwamba amemuua mtu bila hata kukosea dawa. Alipofika aliketi, akavua saa, akala.

"Kula tena," Bibi akasema akimkazia macho. "Hicho cha kwanza huenda umekula kwa adabu tu."

Akala tena, na siagi.

"Kwa hiyo sifi?"

"Kwa hili hufi, Bibi, ukimeza dawa."

Bibi akamgeukia mkaza mwana wake. "Nenda kanirudishie mablanketi yangu. Anza na lile la jirani, yule hachelewi kulikata."

Dawa anameza mpaka leo.

Yanayotusumbua

Makaa ya jiko huisha kabla ya baridi kuisha, na farasi tunaazima. Hayo tumeyazoea. Lililotunyima raha ni jingine: tumesikia kwamba kuanzia mwaka ujao mwaka wa mwisho utahamishiwa mjini, na kwamba sisi tutaondoka kabla ya mavuno. Tungefurahi kuambiwa tumesikia vibaya.

Ombi

Tunaomba jambo moja: mwaka wa mwisho ubaki hapa, nasi tuliopo tumalizie hapa. Wiki iliyopita Bibi Sayrakan, akimimina chai, alimwambia Nurzat kwamba mkono wake wa kushoto hufa ganzi alfajiri. Umeanza lini? Tangu kabla ya vuli. Mbona hukusema? "Nilikuwa bado sijakujua, mwanangu."

Ukituhamisha, atakuja daktari mwingine mpita njia, mwema labda kutuzidi, naye Bibi ataanza kumzoea upya. Mheshimiwa, tumeupima moyo wake. Hana vuli nyingine ya kuanzia.

Tunafungua viganja kukuombea: njia yako iwe nyeupe, nyumba yako isikose wageni, na unaowapenda wapate daktari anayewajua kwa majina.

Ni sisi,
Madaktari Wanafunzi wa Tiba ya Familia, Mwaka wa Mwisho,
Zahanati ya Kara-Jylga