Cherehani ya Chumba cha Tiketi

BLANDINA: Haloo! Haloo, nani mwenzangu?

LAURENCIA: Mimi, Laurencia. Bado nipo Karatu.

BLANDINA: Mama Vedasto! Shikamoo dada. Ulituaga wiki mbili tu, huu mwezi wa nne!

LAURENCIA: Marahaba. Punguza sauti, mkwe yupo jikoni.

BLANDINA: Goti halijapona?

LAURENCIA: Lilishapona. Ila nikishika begi, Vedasto husema, “Mama, pumzika.” Geti kutwa limefungwa. Nikigusa sufuria, Doreen ananipokonya. Nimekuwa kuku wa kisasa, nalishwa tu.

BLANDINA: (mtandao unakwaruza) ...kesho saa nne, hapa stesheni—

LAURENCIA: Kesho nini?

BLANDINA: Mkutano wa vyumba! Tangu treni iache kupita tukapewa jengo, kila kikundi kinataka pake. Kwaya wanataka stoo ya mizigo, watoto wa kusoma wanataka ukumbi wa abiria. Mwenyekiti Clemensi kasema asiyefika mwenyewe, chumba chake anapewa mwingine.

LAURENCIA: Hata changu cha tiketi?

BLANDINA: Hata hicho. Cherehani yako wataitoa nje.

LAURENCIA: Wathubutu!

BLANDINA: Mwambie mwanao!

LAURENCIA: Nimemwambia. Eti ataninunulia ya umeme, nishonee hapa. Nimshonee nani, ng'ombe?

BLANDINA: Toroka basi.

LAURENCIA: Niruke ukuta, na umri huu? Sikia. Juzi Anneth, jirani tunayeishi naye ua huu huu, alifiwa huko Mbulu. Alfajiri geti wazi, hakuna aliyemuuliza. Msiba haukatazwi.

BLANDINA: Huku hajafa mtu.

LAURENCIA: Hata mzee Piusi?

BLANDINA: Piusi! Jana kacheza bao mpaka jua linazama, na matusi juu.

LAURENCIA: Doreen huyo anakuja—

BLANDINA: Haloo?

LAURENCIA: Uwii! Blandina? Blandina amefariki?

BLANDINA: Nani? Mimi?

LAURENCIA: Jamani, asubuhi hii hii!

BLANDINA: Mama Vedasto, nakula muhogo hapa!

LAURENCIA: Apumzike kwa amani. Alikuwa mbishi, lakini mwema.

BLANDINA: Mbishi nani?

LAURENCIA: Doreen mwanangu, nitolee kanga. Ni yule rafiki yangu wa stesheni, wanazika kesho. Basi la alfajiri litanifaa... Eti nini?

BLANDINA: Kasemaje?

LAURENCIA: Katoka nje, anampigia mumewe.

BLANDINA: Umeniua bure!

LAURENCIA: Ngoja, anarudi... Ee mama. Wote? Na jumuiya?... Haya, asante. (kwa kunong'ona) Blandina, Vedasto analeta gari lake la watalii. Wanakuja wote, na jumuiya yao ya kanisani, na wimbo wa maziko. Tunazika, jioni ananirudisha Karatu.

BLANDINA: Sasa mimi nijilaze au nikimbie?

LAURENCIA: Fanya utakavyo. Mlango wa chumba cha tiketi, lile komeo la ndani bado lipo?

BLANDINA: Lipo, lina kutu.

LAURENCIA: Lipake mafuta leo. Na maji uniwekee, na mkate. Nikishaingia—

BLANDINA: Hutatoka?

LAURENCIA: Watabisha hodi mpaka wachoke. Doreen anarudi, kwa heri marehemu. Usisahau ma—