Hakusafiri

Redio ya basi ilipoanza wimbo ule unaopigwa kila mahali siku hizi, abiria wote wakatega sikio. Nami nikatega, ingawa si mtu wa kulizwa na redio. Ni wimbo wa mchoraji aliyeugua akili, akafichwa chumba cha nyuma, huku wageni wakiambiwa amesafiri. Kiitikio chake ni neno moja tu: "Hakusafiri!"

"Wimbo mtamu, lakini hauna adabu," kijana mwenye tai akamwambia mama aliyeketi kando yake, fundi cherehani, futi bado inaning'inia shingoni. "Mambo ya ndani unayaanikaje redioni?"

"Aliyeyaanika ni binti yangu, ndiye anayeimba," mama akajibu. "Mchoraji ni kaka yangu. Aliyekuwa akisema amesafiri ni mimi."

Kijana akailegeza tai. "Samahani, mama. Ila watu watawasema."

"Waseme! Siku ya kwanza kuusikia wimbo huu nilijifungia jikoni nikalia, nikaapa kumnyuka yule binti. Kaka naye akausikia, akafungua mlango mwenyewe, akaja sebuleni akauliza chai iko wapi. Miaka yote hiyo, baba, alikuwa hajawahi kukaa sebuleni!"

"Nimefurahi, mama. Lakini heshima ya familia..."

"Nashuka hapa. Kamweleze mwenyewe, yule pale, amekuja kunipokea."

Basi likasimama. Kituoni, juani, katikati ya watu, alikuwapo mzee mwenye rangi ya bluu hadi viwikoni, akitupungia mkono sote. Kijana akachungulia dirishani, akakohoa, akaiweka tai sawa.

"Shikamoo, mzee!" akaita, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajakubali.