Mchoraji Aliyeweka Macho Mwisho

Padre, viongozi wa Chama, majirani wa Temeke na wa Mbagala, ndugu mliosafiri siku mbili kutoka Masasi, poleni na msiba. Familia imemtaka shemeji wa marehemu, Ndugu Fransis Chilumba, balozi wa nyumba kumi wa mtaa huu, aandike na kuisoma historia hii, naye alikataa mara mbili na mara ya tatu akakubali, kwa sharti kwamba kila atakapotajwa atatajwa kwa jina lake kama mtu mwingine yeyote, maana mambo aliyoyafanya yanasomeka afadhali yakiwa ya Fransis kuliko yakiwa ya huyu aliyesimama mbele yenu. Liko jambo la mwaka 1972 ambalo mjane, Mama Rosalia, hajalijua mpaka saa hii, nalo litasomwa hapa kabla mwili haujatoka, na likishasomwa yeye ndiye atakayeamua kama bado ana kaka.

Marehemu Albano Nandonde alizaliwa tarehe 3 Machi 1938, karibu na misheni ya Lukuledi, Masasi, kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa cheti cha ubatizo Fransis alikiulizia mara tatu, na mara zote tatu akaambiwa kililiwa na mchwa. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1949 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1952, na mwalimu wake wa dini, ambaye tunaye hapa leo, anathibitisha kwamba alikuwa mtoto mpole, ila daftari lake la hesabu lilijaa picha za mkaa kuliko hesabu. Mwaka 1957 alipanda lori hadi Lindi na meli hadi Dar es Salaam, hakuna aliyemwita na hakuna aliyempokea, jambo ambalo baadaye lilimtia Fransis wasiwasi mkubwa, kwani mtu hatoki kwao hivihivi.

Alipata kazi kwa fundi mmoja Mgoa aliyeandika vibao vya maduka upande wa Kariakoo, akaanza kwa kuosha brashi, na tulipopata Uhuru mwaka 1961 alikuwa ameshaaminiwa kuchora watu. Fundi yule alimwachia mazoea ambayo hakuyaacha mpaka kufa. Alikuwa akimtazama mtu huku amefinya macho, mpaka pua na mdomo wa yule mtu vipotee, libaki giza na mwanga tu, kisha akaanza picha kwa mabaka makubwa, jeusi mahali pa giza, la kijivu mahali pa kivuli chepesi, jeupe mahali pa mwanga, bila jicho, bila kidole, bila kifungo cha shati, hata wiki nzima, mpaka picha isimame yenyewe ukiitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Ukimwuliza macho yako wapi, alikujibu kwamba macho ni ya kumalizia, nani ametundika pazia kabla ya kusimamisha ukuta?

Tekla, dada mdogo wa Fransis, alimwona kwanza kwenye maandamano ya Ekaristi hapa Temeke, Juni 1964. Fransis alikuwepo siku hiyo, akamwona mwanamume asiyemjua amesimama kando ya njia, amemfinyia macho dada yake tangu anatokea mpaka anapotelea, akaenda kumwambia mama yao, huyu mhuni, na kama si mhuni basi ana lake jambo. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Julai 1965, Fransis akatoa mbuzi lakini tabasamu hakutoa, na tarehe 11 Mei 1966 wakajaliwa mtoto wao wa kwanza, Rosalia.

Sasa tufike mwaka 1972. Ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa vikipiganwa vita vya ukombozi, redio ilituasa kila siku tuwe macho na wapelelezi wa Mreno, na Fransis, aliyekuwa balozi tangu 1969, aliisikia redio ile kana kwamba inamtaja shemeji yake kwa jina, mtu wa mpakani, ana ndugu ng'ambo ya mto, hana cheti, na watu huwatazama kwa nusu jicho. Kila kikao alikuwa na msemo mmoja, kikulacho ki nguoni mwako, na nyie mnaomwita Balozi Nguoni hadi leo mkidhani hasikii, anasikia.

Mwezi wa Septemba mwaka huo Ndugu Sadallah, mwenyekiti wa tawi la Mbagala, alimpa Albano ukuta wa duka la ushirika, achore wananchi wakienda shambani, picha iwe tayari kwa sikukuu ya Uhuru. Wiki tatu zikapita, ukutani yamejaa majitu meusi yasiyo na nyuso. Bi Mwanakombo, aliyekuwa akiuza vitumbua mbele ya duka lile, akahamisha jiko lake, akasema, "Mie siuzi mbele ya mumiani, tazameni, hata macho hawana, hao wametengenezwa kuja kutunyonya damu sie." Sadallah akaanza kukohoa kila akipita, Albano hana hili wala lile, yuko juu ya ngazi anaongeza baka jingine.

Jumapili tarehe 15 Oktoba Fransis alialikwa chakula cha mchana kwa dada yake, na juu ya kabati, chini ya kitabu cha sala, akakuta vipande saba vya karatasi ya mfuko wa saruji, kila kimoja kadiri ya kiganja, vina mabaka ya mkaa, ya jivu na ya chaki. Akavigeuza huku na huku, na kimoja kikamsisimua mwili mzima, hapa peusi bahari, hapa peupe mlango wa bandari, huku kijivu maghala. Lo! Alikula wali wa dada yake, akaomba na mchuzi wa nyongeza, karatasi zimo mfukoni. Jumanne tarehe 17 alizipeleka katika ofisi ambayo haina haja ya kutajwa, akamwambia ofisa mmoja, mlango umefungwa, "Hii ni bandari," akaomba jina lake lisiandikwe popote. Huyo ndiye aliyemshtaki mumeo, Mama Rosalia. Hakuwa Sadallah, uliyemnyima salamu kwa miaka kumi na miwili, wala hakuwa Mwanakombo, uliyemrudishia sufuria yake mlangoni bila neno.

Albano alichukuliwa Ijumaa tarehe 20 Oktoba. Tekla, mwenye mimba ya miezi minane, alikwenda kila siku kwa miguu kumpelekea chakula, na aliyemsindikiza, aliyembebea bakuli, aliyemwambia njia nzima kwamba binadamu wabaya, alikuwa kaka yake Fransis. Alhamisi tarehe 2 Novemba uchungu ukamshika barabarani, Fransis akasimamisha pikapu ya muuza mkaa, akamfikisha hospitali, na saa tisa alasiri akazaliwa mtoto wa kiume. Tekla akasema mtoto huyu ataitwa Fransis, kwa sababu katika shida ile ndugu walimkimbia wote akabaki kaka yake. Fransis alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia, wauguzi wakadhani ni furaha.

Huko alikokuwa, Albano alipata bahati ya ofisa mwenye subira, akampa ubao na mkaa, akamwamuru achore hizo ramani zake mbele yake. Albano akamfinyia macho, akaanza na mabaka, waliokuwepo wakacheka mpaka wakachoka, na ilipofika alasiri yule ofisa akaenda kusimama mlangoni, akageuka, akajiona ameketi kitini, mkono juu ya faili, ni yeye hasa, na jicho hata moja halijachorwa. Jumatano tarehe 8 Novemba Albano akaachiwa, hakuambiwa samahani wala pole, na kesho yake alikuwa Mbagala juu ya ngazi, anaendelea palepale alipoachia.

Macho aliyaweka siku mbili za mwisho, ya watu wote kwa pamoja. Jumamosi tarehe 9 Desemba umati ulipofika pale dukani ukapiga kelele, "Balozi huyo! Balozi huyo!" kwani mtu wa katikati, jembe begani, anayewatangulia wenzake, alikuwa Fransis Chilumba. Fransis akavuka barabara, akafinya macho kwa mara ya kwanza maishani mwake, na pale ukutani akaiona bandari. Bahari ilikuwa kifua chake, mlango wa bandari ulikuwa mwanga wa jua unaoshuka kutoka shavuni hadi begani kwake, na maghala yalikuwa watu walio nyuma yake. Watu wakampa mkono wa pongezi, naye, aibu gani hii, akaupokea.

Tangu siku ile Fransis alipata jambo jipya la kushuku, kwamba Albano anajua. Albano akimletea samaki, Fransis alimwonjesha paka kwanza; Albano akicheka, anajua; akinyamaza, anajua zaidi. Hata jina la mtoto alilishuku, maana wahenga walisema mchawi mpe mtoto akulelee, akaona huenda shemeji yake alilikubali kwa kusudi hilohilo. Wakati huo wote marehemu aliishi maisha yake. Mwaka 1974 aliajiriwa katika karakana ya vibao ya shirika moja la umma, tarehe 30 Januari 1975 akampata Anastasia, akafundisha mafundi tisa, ambao wote tunao hapa, na wote huanza na mabaka.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka 1981, mwaka uliofuata ukamwachisha kazi, na kufikia Machi mwaka huu wa 1984 macho yake yalibakiza giza na mwanga tu, akawa anawatania wageni kwamba sasa anawaona jinsi walivyoanza. Tarehe 20 Agosti alilazwa kwa kidonda cha mguu. Fransis alikwenda kila siku, na kila siku, kabla hajafungua kinywa, Albano alimtambua tangu mlangoni kwa umbo lake, akasema, "Karibu, shemeji."

Ijumaa tarehe 7 Septemba Tekla alikuwa ametoka kufuata uji, Albano akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea habari za mvua, "Shemeji, ile bandari yako ilikaa vizuri pale ukutani." Fransis aliuliza tangu lini, akajibiwa tangu siku ya pili ya kukamatwa, ofisa alimwambia kwamba karatasi zilitoka ndani ya nyumba yake na kwamba aliyezileta ameona bandari, naye akakumbuka nani alikula kwake Jumapili. Akauliza kwa nini hukusema, na haya ndiyo maneno ya marehemu, hayakuongezwa wala kupunguzwa: "Kwenu mmebaki wawili tu. Mie ningemnyang'anya Tekla kaka yake, ningempa nini badala yake? Lakini mwambie wewe, nisife na siri yako." Jumapili tarehe 9 Septemba 1984, saa nne asubuhi, Albano Nandonde alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, ameacha mjane na watoto watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wa karakana waliotengeneza jeneza, Ndugu Sadallah aliyeleta turubai bila kuombwa, na Bi Mwanakombo anayepika huko nyuma tangu jana. Ni desturi yetu pia, mahali hapa, kuwaomba watu wamsamehe marehemu kama aliwakosea. Fransis, kwa tabia yake ya kupekua, ameipekua miaka yote arobaini na sita, na hakupata wa kuombwa.

Kwa hiyo anayeomba ni mimi. Dada yangu Tekla, nilikushika mkono njia nzima, na niliyekutia katika njia ile ni mimi. Usinijibu leo, na ukisema nisikanyage tena kwako, sitakanyaga. Na wewe mwanangu Fransis, una miaka kumi na moja, ukitaka jina jingine nitakwenda mwenyewe kuliandikisha, wala sitakuuliza kwa nini.

Pumzika kwa amani, shemeji. Mimi bado.