Kisa cha Ouma Ambacho Sikukimaliza

Vuta hicho kiti karibu, Mugure, na wewe Mureithi acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Keti hapa kitandani, upande wa ukutani, ili sauti yangu ikishuka muendelee kunisikia. Mama yenu anajua nitakayosema na amekubali kunyamaza, jambo ambalo hajanifanyia katika miaka thelathini na sita ya ndoa.

Nianze na mepesi. Ploti hii niliinunua mwaka wa tisini na tatu, wakati Kitengela ilikuwa udongo mweusi wa kung'ang'ania viatu na pundamilia walipita hapo penye duka la vifaa bila kumwogopa mtu. Igawanyeni sawasawa. Mugure, mtu asikwambie kwamba umeolewa Ngong kwa hivyo huku umemaliza. Huku ni kwenu. Mama yenu asihamishwe chumba hiki mpaka atakapotaka mwenyewe. Yule ng'ombe mwekundu, kama ukame huu utamwacha, ni wake.

Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara ya Namanga, hakigawanywi. Na hapo ndipo ninapoanza kuona aibu, kwa hivyo msinikatize.

Mlikuwa wadogo kiwanda cha ngozi kilipotupunguza watu sitini kwa siku moja, mwaka wa tisini na sita. Mimi nilikuwa karani wa stoo, rafiki yangu Ouma alikuwa wa mapipa ya kulowekea ngozi, tukatoka kwa lango moja tukiwa na barua za namna moja. Mimi nilikaa nyumbani miezi kumi na moja, mama yenu akiuza maziwa, hadi karani aliyebaki akahama na mimi nikaitwa tena. Nikaona wenzangu wakizeeka ghafla, nikafungua chumba kile kila Alhamisi kwa yeyote aliyepoteza kazi au aliyetaka kuibadilisha. Tulikuwa na kanuni moja: hakuna mawaidha ya hewani. Anayeshauri anamsimulia mgeni yaliyompata yeye mwenyewe, na kikombe chake cha chai kinakaa mezani bila kuguswa mpaka maswali yaishe.

Wanangu, mimi chai yangu niliinywa ikiwa moto. Nilisimulia, watu wakatikisa vichwa kwa heshima, wakasema asante mzee, na mvuke ukiwa bado unapanda. Chai ya Ouma ilipoa mpaka ikafanya ngozi juu. Akitoa mfukoni kile kiduara chake cha ngozi, washa ya kuziba maji ndani ya pampu, na kukizungusha mezani, hata wanawake waliokuja kuwachukua waume zao walikaa chini. Alieleza jinsi alivyookota mabaki ya ngozi pale kiwandani, akagundua kwamba pampu za visima Kajiado nzima hukwama kwa sababu ya washa iliyolika, akaenda kwa miguu hadi Kisaju kwa mzee Kisemei, akaifungua pampu yake asubuhi, na kufikia saa saba ng'ombe mia mbili wamesimama na kiu na maji hayatoki. Hapo watu walikuwa wanacheka na kushika vichwa. "Kisemei akaniambia," Ouma alikuwa akisema, "wewe mtu wa samaki kutoka ziwani, ng'ombe wangu hawanywi ngozi!"

Na hapo ndipo mimi nilikuwa ninainuka kwenda kuongeza maji kwenye sufuria. Kila Alhamisi, miaka kumi. Ouma aliliona, maana si mjinga. Siku moja akaniuliza mbele ya watu, "Baba Mugure, hiyo chai yako huchemka nikifika kwa ng'ombe tu?" Wakacheka. Nilicheka pia, na nikamchukia wiki nzima.

Sikumchukia kwa sababu alikuwa mbaya. Laiti angekuwa mbaya ningepumzika. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mioyo ya watu, nimeketi na wezi na walevi bila kuwahukumu, lakini huyu rafiki yangu mwenye viatu vya tope alinishinda kwa jambo moja ambalo niliamini ni langu, na sikuweza kumsamehe. Chumba changu, sukari yangu, na watu wakifika langoni wanauliza, "Yule mzee wa pampu yuko?"

Ndivyo Kivuva alivyouliza, mwaka wa elfu mbili na moja. Wewe Mureithi unamjua. Ni yule bawabu mnyamavu pale lango la shule. Wakati huo alikuwa karani aliyepunguzwa kazi, kijana, na mke wake Ruth ana mimba. Alikuwa amepata nafasi Magadi, kazi ya mabomba, ajifunze akifanya, na nyumba ya kukaa juu yake. Alitaka kujua kama karani anaweza kushika spana akiwa na miaka thelathini na mbili. Alikuja Jumatano. Angerudi kesho yake angemkuta Ouma. Nikamwambia, "Ouma siku hizi haji sana. Keti, nikusimulie yangu."

Nikamsimulia miezi yangu kumi na moja. Nilivyopiga pasi suti kila Jumatatu. Nilivyokataa vibarua vya kuchafua mikono ili ofisi zisinisahau. Nilivyoitwa. Kuhusu Ouma nilidanganya, lakini katika kisa changu hakuna neno la uongo, na hilo ndilo linalonichoma, kwa sababu kisa kingekuwa cha uongo ningejua pa kuanzia kutubu. Nilimpa maisha yangu ya kweli mtu aliyehitaji maisha ya mwingine, kisha nikatazama kikombe changu. Aliuliza maswali mengi, wanangu. Chai ilipoa. Nilifurahi!

Kivuva aliiacha Magadi. Alipiga pasi suti miaka minne na hakuna aliyemwita. Ruth akarudi kwao na mtoto. Tulipokutana sokoni aliniambia bila hasira, "Mzee, mimi nilingoja vile ulisema." Basi. Akaniuliza kama nyumbani ni wazima.

Nipe maji kidogo, Mugure. Tosha.

Sasa wewe, Mureithi. Tangu shamba la maua likurudishe nyumbani mwezi uliopita umekuwa ukinizunguka. Unafikiri sikujua ulienda Kisaju Jumapili? Nilijua kwa vumbi la viatu vyako. Ulienda kwa Ouma, anayefunga pampu huko siku hizi. Baba yako ameketi na watu waliopoteza kazi zaidi ya miaka kumi, na wewe damu yangu umepita mlangoni kwangu ukaenda kumsikiliza yeye. Nimelala nikitazama hayo mabati na nikatamani, Mungu anisamehe, kisa chake kikushinde. Nikatamani urudi unaniuliza, "Baba, wewe ulifanyaje?" Na nilikuwa na jibu tayari. Ngoja, mwanangu. Piga pasi suti.

Mama yenu ndiye aliyeniuliza juzi, "Na huyu pia utamfanya Kivuva?"

Basi sikia. Usifuate kisa changu. Kilikuwa cha mtu mmoja na bahati moja. Kama roho yako inataka kufunga pampu na Ouma, nenda, na usiende kama mtu aliyetoroka kwao. Nenda kama mtu niliyemtuma mimi. Lakini muulize kila kitu, hata alivyoanguka, na usikubali kuinuka kwenda kupika chai.

Ufunguo wa chumba cha mbele uko kwenye kopo la kahawa. Mpeni Ouma. Alhamisi ziendelee. Na Kivuva aitwe, aambiwe mbele ya watu kwamba Ouma alikuwa akija kila wiki na mimi nilimficha. Nilitaka kumwambia mwenyewe. Miguu imekataa. Mwambieni... mwambieni naye ana kisa sasa, na kuna mtu atakayekihitaji.

Leteni mikono. Babu yenu alitutemea mate kifuani alipotubariki. Mdomo wangu umekauka, nitapuliza tu. Mungu wa baba zangu awape kazi ambayo mtaipenda bila kutazama sahani ya jirani. Mpendane. Mama yenu... mshikeni mama yenu.

Mureithi. Ouma ameketi kwenye tofali nje ya geti siku ya tatu leo, na mimi nimekuwa nikisema nimelala. Mfungulie. Mwambie aketi hapo ulipo wewe. Chai yake iwekeni mezani.

Mwambie aanzie pale ng'ombe wamesimama. Sijawahi kujua... maji yalitokaje.